Filamu ya Fumbo na Kadi ya Mbalamwezi

Katika zoni yetu kijana mmoja mwenye kibanda cha video ameanza kuuza kadi. Kiingilio cha filamu moja ni shilingi 200. Kadi ya wiki ni shilingi 1,000, unaingia kila siku mpaka uchoke mwenyewe. Na Jumatano usiku kuna filamu ya fumbo: jina halitajwi, picha haibandikwi mlangoni, unaingia hujui utaonyeshwa nini. Tangu atangaze, watu wananisimamisha bombani na kwenye foleni ya posho. "Wewe mtu wa sinema, hiyo kadi inalipa? Na hiyo ya fumbo, si ni kutuuzia mbuzi kwenye gunia?"

Nimejibu vipande vipande mpaka nimechoka, basi leo naandika. Na kwa kuwa najua jarida hili linasomwa pia na ndugu zetu wa mashirika, wale wanaokuja na projekta na shuka jeupe, kuna neno lao humu ndani. Nawaomba wasiruke kurasa.

Mimi ni mtoto wa Kabezi. Ukitoka Bujumbura kwa barabara ya ziwani kwenda Rumonge, unapita Mugere penye lile jiwe la Livingstone na Stanley la mwaka 1871, unaendelea kusini, ziwa kuliani, milima kushotoni, unafika kwetu. Hatukuwa na sinema ya viti vya kukunja. Tulikuwa na nyumba ya matofali mabichi, mabenchi, televisheni moja nene na jenereta nyuma ya ukuta. Mwenyewe tulimwita Mzee tu. Kanda zake, na baadaye sidii, alizifuata Buyenzi mjini, au alizipata kwa watu waliotoka Kigoma. Za Kigoma ndizo tulizozipenda kuliko zote, maana zilikuwa zimeshatafsiriwa. Si unajua wale mabwana wa Tanzania wanaozungumza juu ya filamu? Mkubwa wao alikuwa Derek Gaspar Mukandala, yule wa jina la Lufufu. Anakuambia mapema steringi ni yupi, adui ni yupi, na nani hapendi ugali. Kijijini kwetu Kiswahili cha wengi kilipanuka kwenye mabenchi yale.

Sasa nieleze kadi ya Mzee, kwa sababu sijaona kadi nyingine iliyotengenezwa kwa akili namna ile, hata katika nchi tajiri.

Pwani ile mwezi wa mtu hauhesabiwi kwa kalenda. Ndagala, hao wanaoitwa dagaa huku Kigoma, huvuliwa usiku wa giza. Wavuvi wanawasha taa juu ya maji, samaki wanaifuata taa, nyavu zinainuliwa. Mbalamwezi ikiwa kali, mwanga unatapakaa ziwa zima na samaki hawakusanyiki. Basi siku hizo nyavu zinaanikwa mchangani, wanaume wanarudi nyumbani, wanashona nyavu mchana na usiku hawana kazi. Yaani mvuvi wa Kabezi ana pesa wakati wa giza na ana nafasi wakati wa mwanga. Vitu hivyo viwili havikutani.

Mzee aliliona hilo. Kadi yake aliikata kwenye maboksi ya sabuni, akaichora miraba 10, akagonga muhuri. Kiingilio kilikuwa faranga 100. Kadi ilikuwa faranga 700. Lakini aliiuza siku za giza tu, mvuvi akiwa ametoka kuuza samaki, na ilitumika siku za mbalamwezi tu. Kila ukiingia anatoboa mraba mmoja kwa msumari. Fanya hesabu: ukiingia mara 7 umerudisha pesa yako, mara 3 zilizobaki ni bure. Ukiingia mara 5 tu, umemwachia Mzee faranga 200. Akina mama wengi wa pale waliisifu kadi ile kwa sababu ambayo mimi mtoto sikuielewa. Baadaye mama yangu alinieleza: "Faranga 700 zikishaingia kwenye kadi, haziwezi kuingia kwenye pombe." Kwao ile kadi ilikuwa kibubu.

Ndiyo maana nikiulizwa kama kadi inalipa, siwezi kujibu kwa kugawanya bei ya kadi kwa bei ya kiingilio na kuishia hapo. Hesabu hiyo ni ya lazima, lakini haitoshi. Kadi ya kijana wetu inarudi ukiingia mara 5 kwa wiki. Je, una jioni 5? Wewe uliye na zamu ya kuchota maji, na mtoto mchanga, na kuni za kutafuta, jioni zako ni ngapi kweli? Watu hununua kadi kwa kuhesabu jioni wanazozitamani. Wahesabu jioni walizonazo.

Kuna somo kubwa lililotokea Marekani, tena si zamani. Kampuni iitwayo MoviePass, iliyoanzishwa 2011, ilishusha bei ya kadi yake mwezi Agosti 2017 mpaka dola 9.95 kwa mwezi, na mwenye kadi aliruhusiwa filamu moja kila siku. Mwaka ule tiketi moja Marekani ilikuwa kwa wastani karibu dola 9. Yaani mtu akienda mara mbili tu kwa mwezi, ameshaila kampuni. Watu si wajinga, walijaa: katikati ya 2018 wanachama walipita milioni 3. Lakini MoviePass haikuwa na majumba ya sinema. Kila mwanachama alipoingia, kampuni ililipa tiketi nzima kwa mwenye jumba. Kila mteja mwenye furaha alikuwa hasara. Ikaanza kubadilisha masharti kila siku, watu wakalalamika, na Januari 2020 ikafilisika.

Linganisha na UGC ya Ufaransa. Kadi yao ya Illimité ilianza mwaka 2000 na bado inauzwa. Au AMC ya Marekani, iliyoanza kadi yake Juni 2018 kwa dola 19.95 kwa mwezi, filamu 3 kwa wiki. Hao wana viti vyao wenyewe. Kiti kisichokaliwa usiku huu hakiwezi kuuzwa kesho, kimeshapotea; akikaa mwenye kadi, mwenye jumba hapotezi sana, na huenda akamuuzia bisi na soda. Kwa hiyo kanuni yangu ya kwanza ni hii: nunua kadi kwa mwenye mabenchi. Kijana wetu ana mabenchi yake na petroli anachoma ileile, wawe watu 8 au 40. Kwa upande huo kadi yake ina mantiki.

Kanuni ya pili ni chungu kidogo. Kadi ni mkopo, na wewe ndiwe unayekopesha. Umelipa leo, utapewa kesho. Hapa kambini kesho ina mambo mengi. Kibanda kinaweza kufungwa, jenereta inaweza kufa, mwenyewe anaweza kuitwa jina kwenye orodha ya safari akaondoka. Mimi nina ushahidi. Katikati ya Aprili 2015, siku za giza, nilinunua kadi ya Mzee kama kawaida. Mwishoni mwa mwezi ule mambo ya Bujumbura yakaharibika. Mbalamwezi ilipofika, mwanzoni mwa Mei, nilikuwa nimetobolewa miraba 4. Kisha Mzee akafunga mlango, na sisi tukaondoka. Kadi ninayo mpaka leo, iko kwenye mfuko wa plastiki pamoja na kadi ya posho. Namdai filamu 6. Simlaumu. Lakini nikikuambia ununue ya wiki na usinunue ya mwezi hata akikupunguzia bei, ujue ninasema kutoka wapi.

Sasa tuje kwenye fumbo.

Kwenye kadi ya Mzee, mraba mmoja kati ya 10 ulichorwa alama ya kuuliza. Huo ulitumika usiku mmoja tu, usiku wa fumbo. Nitasema ukweli wa biashara ile: fumbo lilikuwa njia yake ya kuonyesha filamu ambazo zingetajwa jina tusingekuja. Sisi tulitaka Van Damme, tulitaka Schwarzenegger, tulitaka Wachina wanaoruka juu ya mapaa. Filamu isiyo na bunduki wala teke tuliiita ya walimu. Lakini mraba umeshaulipia, ukikaa nyumbani unapotea, basi unakwenda.

Usiku mmoja wa fumbo alituwekea Gito l'ingrat ya Léonce Ngabo, ya mwaka 1992, filamu ndefu ya kwanza ya Burundi. Kama angeandika mlangoni "filamu ya Burundi, hakuna vita," angebaki na jenereta yake. Tulianza kwa kuguna. Gito anarudi kutoka Paris na diploma yake, anadhani ataamka waziri. Mji haumtambui. Hapo ndipo benchi la wavuvi lilipoanza kucheka, maana kila mmoja alikuwa na Gito wake, ndugu aliyerudi na suti na bila nauli. Wanawake wake wawili, Mfaransa na Mrundi, badala ya kurarukiana wanaungana kumfundisha adabu. Wakina dada waliosimama nyuma mlangoni walipiga vigelegele. Nilikuwa na umri wa kukaribia kunyoa ndevu na sikuwahi kuona kwenye kioo kile barabara ninayoijua. Ile ndiyo kazi halali ya fumbo. Linakuvusha mlango ambao mazoea yako yangeufunga. Na kadi ndiyo inayokupa ujasiri, kwa sababu hukulipia filamu hii peke yake; ikiwa mbaya hujapoteza jioni zote.

Kwa hiyo silipingi fumbo, nalipenda. Lakini kuna kitu Mzee alikifanya ambacho sikukithamini mpaka nilipofika hapa Nyarugusu.

Usiku mwingine wa fumbo, mtumbwi mmoja wa kijiji cha jirani ulikuwa haujarudi kwa siku mbili. Tulishakaa kwenye mabenchi. Mzee alichomeka kanda yake, ikaanza, bahari na meli kubwa. Haikufika dakika moja akaichomoa. Akasema tu, "Ya maji hapana. Si leo." Akaweka nyingine, ya ng'ombe na kofia, wala haikuwa nzuri. Hakuna aliyedai mraba wake. Yeye alijua nani amekaa benchi gani. Alijua kaka wa nani yuko majini.

Sasa nihame niwapeleke kambini, na hapa sitacheka.

Miaka kadhaa iliyopita waliletwa watu na projekta. Nani walikuwa, hilo si muhimu na sitalitaja. Wazo lenyewe la kuonyesha filamu kambini ni zuri na lina historia yake: FilmAid ilianza 1999 kwa wakimbizi wa Kosovo waliokuwa Makedonia, na baadaye ikafanya kazi Kakuma na Dadaab kule Kenya, shuka kubwa na maelfu ya watu chini ya nyota. Nimezungumza na waliokulia Kakuma, wanazikumbuka jioni zile kama sikukuu. Basi na sisi tulifurahi. Tuliambiwa kutakuwa na filamu. Filamu gani? "Mtaiona." Ikawa fumbo bila mtu kupanga iwe fumbo.

Ilikuwa Hotel Rwanda, ya mwaka 2004, ya Terry George. Watoto walikaa mbele kabisa, chini, kama kawaida. Wakubwa nyuma yao, tumebanana, hakuna njia. Katikati ya filamu kuna alfajiri ya ukungu. Meneja wa hoteli na dereva wanarudi kwa barabara ya mtoni, gari linaanza kuruka kama limetoka barabarani, hawaoni kitu. Wanasimama. Mlango unafunguliwa. Ukungu unaachia kidogo, na barabara yote ni watu waliolala.

Mama mmoja jirani yetu, mtu wa upande wetu wa ziwa, alisimama. Mwaka 1993, baada ya Rais Ndadaye kuuawa, alipita njia kama ile akiwa na mtoto mgongoni. Hayo aliyaeleza baadaye, siku ile hatukujua. Alitaka kutoka. Hakukuwa na pa kutokea isipokuwa mbele ya projekta. Alipopita, kivuli chake kilipanda kwenye shuka, kikubwa, juu ya ile barabara na wale watu. Nyuma watu wakaanza kelele: "Kaa chini! Unatuziba!"

Mimi nilikuwa mmoja wa waliopiga kelele.

Nimeandika sentensi hiyo mara tatu nikaifuta mara mbili. Nimeamua iachwe. Nilikuwa mtu wa sinema, nilitaka kuona picha, na kivuli cha jirani yangu kilikuwa kinanisumbua.

Nimeitazama filamu hiyo tena kwenye simu, peke yangu, ili niihukumu kwa haki. Si filamu mbaya. Tukio lile la ukungu limetengenezwa vizuri, kwa sababu linaficha kwanza na kuonyesha kidogo. Kinachofuata ni bora zaidi: meneja anarudi hotelini, anajifungia, anabadilisha shati, anajaribu kufunga tai, tai inamshinda, anaanguka analia. Don Cheadle hafanyi jambo lingine zuri kuliko hilo katika filamu nzima. Na hapo ndipo nilipoelewa kosa letu. Filamu inampa mtu wake chumba chenye mlango wa kufunga ili alie. Jirani yetu hakupewa chumba. Alipewa mwanga wa projekta na kelele zetu.

Kuna watu watanijibu. Nimeshawasikia. Wa kwanza husema: "Sisi tumeona makubwa kuliko filamu, tutaogopa picha?" Huyo ni rafiki yangu na ninamheshimu, lakini anasahau kwamba anajisemea mwenyewe. Aliyeona makubwa ndiye anayejua kipi hataki kukiona tena bila kujiandaa. Wa pili ni kijana mwenye kibanda. Yeye husema: "Mzee wangu, nikianza kuonya watu, fumbo limekufa. Fumbo ni kutojua." Hoja yake ina uzito kidogo, basi nimjibu kwa mfano wa wafanyabiashara wenzake wakubwa.

Ile AMC ya Marekani niliyoitaja ina usiku wake wa fumbo, unaitwa Screen Unseen. Tiketi ni rahisi kuliko ya kawaida. Unaonyeshwa filamu ambayo bado haijatoka, na jina lake hulijui mpaka taa zizimwe. Uingereza majumba ya Odeon yana usiku wa namna hiyohiyo, kwa jina hilohilo. Kwa nini wanafanya? Watengenezaji wa filamu wanataka watu watoke wakizungumza, wakawaambie wenzao kabla filamu haijaanza kuuzwa. Mwenye jumba anataka kujaza viti siku ambayo vingekuwa vitupu. Na mtazamaji anapata kitu kipya kwa bei ndogo. Kila mmoja ana faida yake.

Lakini angalia wanachotangaza na wanachoficha. Jina wanalificha. Waigizaji wanawaficha. Hadithi wanaificha. Vitu viwili hawavifichi: filamu ni ya watu wa umri gani, na ni ya muda gani. Mzazi anajua kama amlete mtoto. Mtu wa basi la mwisho anajua kama atalikosa. Na fumbo halijafa. Kinyume chake, wapenzi wa sinema wanachukua huo muda, dakika 118 au dakika ngapi, wanaanza kupiga ramli ni filamu ipi. Onyo limekuwa sehemu ya mchezo.

Sasa jiulize. Mtu wa Chicago, ambaye anaweza kusimama wakati wowote, akapita kwenye njia pana yenye taa ndogo, akatoka, akapanda gari lake akaenda nyumbani kufunga mlango wake, anaambiwa mambo mawili kabla ya kuingia. Sisi tuliokaa chini tumebanana, ambao nyumba zetu kuta zake ni turubai na sauti ya filamu inatufuata mpaka kitandani, hatukuambiwa hata moja. Aliye na milango mingi ndiye aliyeonywa, na asiye na mlango hakuonywa.

Na hili linazidi sinema. Ndugu wa mashirika, hapa ndipo pa kwenu. Maisha ya kambini yamejaa filamu za fumbo. Unaitwa kwenye mkutano, hujui wa nini. Unaitwa ofisini, hujui kama ni habari ya safari au ya kukatwa. Mgao umepungua, unaligundua siku ya mgao ukiwa umeshika gunia. Mtu aliyezoea kushtukizwa hivyo wiki nzima, mshangao wa Jumatano usiku unaanza kuwa mzito hata kama ni wa kuchekesha. Mshangao ni raha kwa mtu ambaye siku zake nyingine zinajulikana. Mvuvi wa Kabezi alijua giza linaanza lini na mwanga unaanza lini. Ndani ya mpango huo alikuwa na nafasi ya mraba mmoja wenye alama ya kuuliza. Mmoja kati ya 10. Nadhani Mzee aliipata hesabu hiyo kwa kupima watu wake.

Basi ninaomba mambo matatu, kwa kijana wa kibanda na kwa kila anayekuja na projekta.

La kwanza, ubao mlangoni. Usiandike jina kama hutaki. Andika umri, andika muda, na andika kwa maneno ya kawaida kama kuna vita, maiti, kubakwa, nyumba kuchomwa au watu kuzama majini. Mstari mmoja unatosha. Asiyejua kusoma asomewe kabla filamu haijaanza.

La pili, njia ya kutokea isiyopita mbele ya mwanga. Kamba mbili na vigingi vinne vinaitengeneza. Gharama yake haipo.

La tatu, mtu wa kuchagua awe anayewajua wanaokaa. Si lazima awe msomi wa sinema. Awe mtu anayeweza kusema, "Ya maji hapana, si leo."

Nisije nikaonekana mtu wa kukataza tu, nipendekeze filamu. Nayo ni The African Queen ya John Huston, ya mwaka 1951, ya Humphrey Bogart na Katharine Hepburn, iliyopigwa Uganda na Kongo, na sehemu nyingine Uingereza. Imetoka kwenye riwaya ya C. S. Forester ya 1935. Nawajaribia ubao wangu: inafaa watoto wakubwa wakiwa na wazazi, ni ya saa 1 na dakika 45, mwanzoni askari wanachoma kijiji, kuna risasi, na kuna hatari ya maji mpaka mwisho. Ni hadithi ya mashua chakavu na watu wawili wasiopendana wanaoteremka mto kuitafuta meli ya Wajerumani ziwani. Ina aibu zake za wakati ule. Waafrika ndani yake wanaonekana kidogo sana na hawana la kusema, na hilo tungelijadili baada ya taa kuwashwa. Lakini mapenzi ya wale wawili yanakua polepole, kwenye matope, ruba wakiwanyonya, na sijui filamu nyingi zinazoamini hivyo kwamba watu waliokwisha kata tamaa wanaweza bado kuchekana.

Na sababu yangu kubwa ni ile meli. Katika filamu inaitwa Louisa. Aliyeizaa ni meli ya kweli, Graf von Götzen, iliyojengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikaletwa vipande vipande na kuunganishwa Kigoma. Wajerumani wenyewe waliizamisha 1916. Waingereza waliiinua 1924, na 1927 ikarudi kazini kwa jina jipya. Jina hilo ni Liemba.

Mei 2015, wengi wa watakaosoma haya tulikuwa Kagunga, pale ufukweni, maelfu juu ya mchanga mwembamba, kipindupindu kikiwa kimeanza. Meli haikuweza kufika ufukweni. Tulipelekwa kwa mashua ndogo, tukapandishwa, na MV Liemba ikatuleta Kigoma, watu kama 600 kwa safari. Hakuna ukumbi wa sinema duniani ambao watazamaji wake wamepanda meli ya ndani ya filamu. Hapa tupo. Hiyo ndiyo filamu ya fumbo ya kuwaonyesha watu hawa: waketi wakidhani ni Wazungu na mto wao, halafu polepole mmoja anyanyue shingo, amguse mwenzake. Bila shaka kwa kuiandika hapa nimeliharibu fumbo lenyewe. Lakini tuko wengi, na wengi hawasomi jarida, msiwaambie.

Mwisho wake sitautaja. Nitasema tu kwamba hadithi ya meli kwenye filamu na hadithi ya meli ziwani haziishi sawa, na ya ziwani ni nzuri zaidi.

Kuhusu swali la bombani, jibu langu ni hili. Ukiwa na jioni 5 kwa wiki, nunua kadi ya wiki. Ukiwa na jioni 2, lipa 200 zako mlangoni, usimwonee mtu haya. Ya mwezi usinunue. Na ya fumbo, mwulize kijana kwanza: ni ya umri gani, ni ya muda gani, kuna nini ndani. Akikujibu, ingia, hata kama hujui jina. Nimemwuliza mimi wiki iliyopita. Alikuna kichwa, akacheka, akachukua chaki.

Jirani yetu, yule mama, nilikwenda kwake kumwomba radhi, miaka imepita. Alinipa kiti. Akaniambia hakukumbuka ni nani aliyepiga kelele, anakumbuka tu kwamba mwanga ulimpiga machoni na hakuona pa kukanyaga. Nilimwambia habari ya ubao na njia ya kamba. Akauliza kama Jumatano kutakuwa na vichekesho. Nikasema sijui, ni fumbo, lakini ubaoni pameandikwa hakuna vita. Alisema atafikiria.